MGENI NJOO, SHAMBA LIPONE

Kila siku, hasa katika miezi ya wageni wengi, magari hutoka Mji Mkongwe na katika mahoteli ya pwani yakaelekea Kizimbani, Kidichi na Dole. Wageni hushuka, wakaoneshwa mkarafuu, mdalasini na mlangilangi. Wakanusishwa jani hili na gome lile. Wakavishwa kofia za makuti. Wakaonja chungwa, shokishoki au doriani ikiwa ni msimu wake. Kisha wakapakiwa tena magarini kurejea walikotoka. Saa mbili tatu zimekwisha, na shamba limebaki na mwenyewe. Aliyepata ni mwenye gari, na aliyepata zaidi ni mwenye hoteli, kwa kuwa yeye ndiye mwenye kitanda.

Leo twataka kuuliza swali moja mbele ya wananchi na mbele ya wakubwa wanaohusika. Kwa nini mgeni asilale shambani?

Swali hili si la mzaha, wala si geni duniani. Katika nchi zilimazo mizabibu, kulala katika nyumba kongwe ya shamba, karibu na mahali zabibu zinapokamuliwa, ni jambo lililozoeleka tangu miaka mingi. Mgeni hupewa chumba, asubuhi akapewa mkate, matunda na asali ya pale pale, akalipa, akaenda zake. Fedha yake hulala pale alipolala yeye. Mifano ni mingi, lakini sisi tumechagua mmoja, kwa sababu ni mfano wa watu wa kisiwani kama sisi, na tena kisiwa kidogo kuliko vyetu.

Kisiwa hicho chaitwa Pantelleria. Ni cha Italia, nacho kimo katika bahari ya Mediterania baina ya Sicily na Tunisia, kikiwa karibu zaidi na Tunisia. Ukubwa wake ni kilomita za mraba 83 hivi, yaani hakifikii hata sehemu ya kumi ya Pemba, na wakazi wake hawafiki 8,000. Ardhi yake ilitapikwa na volkeno, mawe yake ni meusi, hakina mto, na upepo hukipiga takriban mwaka mzima. Waarabu walikitawala kwa muda mrefu, hata walipoondolewa na Wanormani katika karne ya 12, na mpaka leo vijiji vyake vina majina kama Khamma, Gadir na Bukkuram. Zabibu yao kuu huitwa zibibbo. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kuambiwa maana yake, kwani neno la Kiarabu lililowapa wao zibibbo ndilo lililotupa sisi zabibu.

Watu wa kisiwa hicho hawakurithi nchi ya raha. Ili walime, iliwabidi kwanza wayaokote mawe yaliyojaa ardhini. Mawe hayo hawakuyatupa. Baadhi yake waliyapanga kuwa kuta za kuzuia udongo usiporomoke na upepo usiharibu mimea, na mengine wakayajengea nyumba. Nyumba hiyo ya mkulima huitwa dammuso. Kuta zake hupita mita moja kwa unene, madirisha yake ni madogo, na juu yake hakuna vigae wala mabati, bali kuba fupi iliyopakwa chokaa. Kuba hiyo haikuwekwa kwa ajili ya urembo. Mvua inaponyesha, maji huteremka juu yake na kuingia katika birika lililochimbwa chini, na kwa maji hayo watu wa kale waliishi wao na wanyama wao katika nchi isiyo na mto. Humo humo walilala, wakaweka majembe, wakahifadhi mavuno. Kwa hiyo twaweza kusema kwamba nyumba na shamba vilizaliwa pamoja, kwa jasho lile lile na kwa mawe yale yale.

Tena watu hao wana desturi moja ambayo imetugusa. Kwa kuwa upepo hauuruhusu mchungwa wala mlimau kukua, wao huujengea mti mmoja ukuta wa mviringo, mrefu kuliko mtu, wenye mlango mdogo. Jengo zima, kwa ajili ya mti mmoja! Watu wenye kuthamini mti namna hiyo wanastahiki kusikilizwa na watu wa nchi ya mikarafuu.

Mzabibu nao hupandwa kwa namna ya pekee. Mkulima husawazisha ardhi, akachimba kishimo, akaupanda mche ndani yake ili upepo upite juu. Shina hupogolewa mpaka yabaki matawi sita yaliyotandaa kama mkono uliofunguliwa, na kishimo hutengenezwa kila mara ili kihifadhi unyevu. Mavuno huanza mwishoni mwa Julai, yote kwa mkono. Sehemu ya zabibu hizo huanikwa juani kwa wiki kadhaa mpaka zikasinyaa na utamu wake ukakolea, ndipo hukamuliwa. Mwaka 2014 shirika la UNESCO liliuingiza utaratibu huo wa kilimo katika orodha ya urithi wa mapokeo ya binadamu. Lililotambuliwa halikuwa jumba la mfalme wala ngome, bali ujuzi wa mkulima na jembe lake.

Sasa na tumtazame mgeni alalaye katika nyumba kama hiyo. Huamka asubuhi ndani ya chumba kilichobaki baridi ingawa nje jua limeshawaka, akatambua mwenyewe kwa nini kuta ni nene. Huoneshwa birika, akafahamu kwa nini kuba imepakwa chokaa. Huketi kula viazi, nyanya na vitunguu vilivyotiwa vitumba vya maua vilivyokaushwa kwa chumvi, ambavyo Waitalia huviita capperi na ambavyo kisiwa hicho kinasifika navyo. Akitoka nje, huwakuta wenyeji wake wameinama, kwani mizabibu yao ni mifupi na huwezi kuivuna umesimama. Mgeni huyo hahitaji mtu wa kumsomea maelezo. Usiku mmoja wamfundisha yale ambayo saa mbili za kutembezwa haziwezi kumfundisha. Wahenga wetu walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wao walikusudia kumkumbusha mgeni asichoshe wenyeji, lakini ndani yake mna hekima nyingine, nayo ni kwamba hujaijua nyumba ya mtu mpaka umeijua kazi yake.

Hata hivyo, wema wa wenyeji peke yake haujengi uchumi. Nyuma ya kitanda cha mkulima wa Italia ipo sheria, na hapa ndipo twawaomba wakubwa wetu watege sikio.

Tarehe 5 Desemba 1985 Italia ilipitisha Sheria Namba 730 iliyohusu kile wanachokiita agriturismo, yaani mkulima kupokea wageni katika shamba lake. Tarehe 20 Februari 2006 sheria hiyo ilibadilishwa na Sheria Namba 96, na mikoa nayo ikapewa kazi ya kutunga kanuni zake; Sicily ilitunga yake mwaka 2010. Mambo makuu ya sheria hiyo ya 2006 ni mepesi kueleweka. Kwanza, mwenye haki ya kuendesha biashara hiyo ni mkulima, akitumia shamba lake mwenyewe. Pili, kilimo lazima kibaki kuwa kazi kubwa na ugeni uwe kazi ya kukifuata, na ili mkulima mdogo asisumbuliwe kwa mahesabu, sheria imesema kwamba maadamu wageni hawazidi kumi, kilimo kitahesabiwa kuwa ndicho kikubwa. Tatu, majengo ya kulaza wageni ni yale yaliyokwishakuwapo shambani. Nne, chakula kitoke kwa sehemu ya kutosha katika shamba hilo na katika mashamba ya jirani. Tano, jina lenyewe la agriturismo halitumiwi ila na yule aliyetimiza masharti.

Matokeo yake ni kwamba leo Italia ina mashamba zaidi ya 25,000 ya namna hiyo. Yamo ya fahari na yamo ya kawaida, lakini yote yamefungwa na kanuni moja, kwamba shamba likifa, kitanda nacho kimekufa. Mkulima akitaka wageni, hana budi kulima. Hiyo ndiyo busara ya sheria hiyo, nayo ni busara ambayo haihitaji fedha za kigeni kuinunua.

Twasema haya pasi na kuipamba Pantelleria. Si kila dammuso leo ni nyumba ya mkulima. Uzuri wa kisiwa hicho ulipojulikana, watu wenye uwezo kutoka nje walikuja kununua. Marehemu Giorgio Armani, mbunifu mashuhuri wa mavazi, alikuwa na makazi yake Gadir kwa miaka mingi, na wengine wengi wasio mashuhuri walifanya vivyo hivyo. Nyumba kadhaa zikawa za mapumziko tu, hukodishwa kiangazi, na mlango ukafungwa hadi kiangazi kingine. Wakati huo huo eneo la mizabibu limepungua sana kulinganisha na zamani, kwani vijana wamekwenda kutafuta kazi nyingine, na kazi ya kuinama haina wengi waitakao. Kwa hiyo kisiwa kimoja kina nyumba za aina mbili zinazofanana kwa sura. Moja ina mkulima ndani yake, na mgeni akilipa huwa amelipia pia kupogolewa kwa mzabibu. Nyingine ina ufunguo tu. Kuta ni zile zile, kuba ni ile ile, lakini ya kwanza yalinda kisiwa na ya pili yakiuza.

Sisi wa Unguja na Pemba tunasimama wapi baina ya nyumba hizo mbili?

Hatuna mizabibu. Zabibu za nchi yetu ziko Dodoma, ambako huvunwa mara mbili kwa mwaka, na wakulima wa huko wana la kujifunza katika habari hii. Sisi tuna karafuu, na mkarafuu una mengi ya kufanana na mzabibu wa Pantelleria. Karafuu nayo huchumwa kwa mkono, huchambuliwa kwa mkono, na huanikwa juani juu ya majamvi, na anayeanika hana usingizi mawingu yakitanda. Mti huu uliletwa kwetu mwanzoni mwa karne ya 19, ukastawi Mtoni na Kizimbani kabla ya kuenea Pemba. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliing'oa mikarafuu mingi ya Unguja, na tangu hapo Pemba ndiyo iliyoshika usukani. Kila mkulima ajua kwamba mti huu hauzai sawasawa kila mwaka. Mwaka mmoja huelemewa, mwaka mwingine humwacha mwenyewe mikono mitupu. Mtu mwenye zao la tabia hiyo ahitaji kipato cha pili ambacho hakitamtoa shambani. Kitanda kimoja au viwili vya wageni vyaweza kuwa kipato hicho.

Na nyumba tunazo. Watu wakisikia nyumba za kihistoria hufikiri majumba ya kifalme peke yake: Mtoni lililoungua mwaka 1914, Maruhubi lililoungua 1899, hamamu za Kidichi, au magofu ya Mwinyi Mkuu kule Dunga. Hayo ni mambo ya makumbusho, na yaachwe huko. Sisi twazungumzia nyumba za mashamba, zilizojengwa kwa mawe na chokaa katikati ya mikarafuu, zenye baraza ya mbele, birika la maji na uwanja wa kuanikia. Baadhi yake zilipata kuwa skuli, ofisi au zahanati. Baadhi zina watu ndani yake mpaka leo, wanaohamisha vitanda mvua inapovuja. Baadhi hazina paa tena, na mizizi ya mtini imekwishaingia ukutani. Twazungumzia pia nyumba za kawaida za vijijini, za udongo, miti na makuti, ambazo fundi wake bado yuko hai na ambazo ni historia vile vile, ingawa hazikuandikwa kitabuni.

Hapa yafaa tuseme ukweli bila kuuficha. Nyumba nyingi za mawe za mashamba hazikujengwa kwa furaha ya kila mtu. Karafuu za karne ya 19 zilichumwa na watumwa, na utumwa haukufutwa kisheria hapa petu mpaka mwaka 1897. Mgeni atakayelala katika nyumba hizo hatalala ili aoneshwe utukufu wa waliozimiliki. Atalala kwa mjukuu wa waliochuma, ambaye baada ya Mapinduzi ya 1964 familia yake ilipewa eka tatu za kulima. Kwa maoni yetu, hakuna malipo ya haki zaidi kuliko hayo, kwamba aliyelala nje ya nyumba ile zamani, leo kizazi chake ndicho kishike ufunguo na ndicho kisimulie habari zake.

Lakini ufunguo huo waweza kutoponyoka. Wageni waliofika visiwani mwaka 2024 walizidi 700,000. Pwani ya mashariki ya Unguja na pwani ya Nungwi na Kendwa zimekwishajaa mahoteli, na kila mwenye macho aona kwamba mtaji huanza kugeuza shingo upande wa bara ya kisiwa, na kuvuka mkondo kuelekea Pemba. Sheria ya Umiliki wa Ardhi ya mwaka 1992 yasema ardhi ni ya umma, na hilo ni ngao. Hata hivyo ngao hailindi kitu isiponyanyuliwa. Wavuvi na wakulima wa mwani wa pwani wanajua jinsi mambo yalivyokwenda kabla wao hawajaulizwa. Walikuja kuitwa baadaye, nao wakapewa kazi za kufagia ufukwe ambao walikuwa wakiutembea bila ruhusa ya mtu. Hatupendi kuandika habari hiyo mara ya pili, safari hii ikiwa ya mkarafuu.

Lipo jambo moja la kutafakari. Mwaka ule ule wa 1985 ambao Italia ilimtungia sheria mkulima wake, sisi tuliunda Mamlaka ya kuhifadhi na kuendeleza Mji Mkongwe. Lilikuwa jambo jema, na mwaka 2000 Mji huo ukaingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Hata hivyo kuhifadhi si kazi ya siku moja, na kuporomoka kwa sehemu ya Beit-al-Ajaib tarehe 25 Desemba 2020, maafa yaliyoondoa roho za watu, kulitukumbusha hayo kwa uchungu. Ikiwa nyumba maarufu kuliko zote, yenye chombo cha kuitazama na macho ya dunia nzima juu yake, yaweza kuanguka, ni nani aitazamaye nyumba ya shamba iliyoko ndani ya shehia, maili kadhaa kutoka barabara ya lami? Mji tuliutungia chombo. Shamba hatukulitungia.

Twajua watakaopinga, nao wana haki ya kujibiwa.

Wapo watakaosema kwamba mfano wetu ni wa nchi ya mvinyo, na sisi ni watu wa dini na heshima zetu. Twajibu kwamba tunachokichukua kutoka Pantelleria ni sheria na nyumba, hatuchukui pipa. Nyumba ya mkulima ina masharti ya mwenyewe. Mgeni anayeingia uani mwa watu hujua kwamba ameingia uani mwa watu, atavaa inavyostahiki, na hatadai kinywaji ambacho mwenyeji hakiweki. Atapewa chai ya mdalasini na tangawizi, mkate wa kumimina, chapati, muhogo wa nazi na dafu lililoangushwa mbele ya macho yake. Anayetaka mengine, hoteli zipo. Tena twadhani heshima ya kijiji yapotea kwa urahisi zaidi pale mgeni anapokaa nyuma ya ukuta mrefu asikojua chochote juu yetu, kuliko pale anapomwamkia bibi wa nyumba kila asubuhi.

Wapo watakaosema kwamba hoteli moja kubwa huajiri watu wengi kuliko vitanda kumi vya kijijini. Hatukatai, wala hatusemi hoteli zifungwe. Ila ajira na milki ni vitu viwili. Mwenye ajira huweza kuachishwa msimu ukiwa mbaya, kama ilivyotokea duniani kote mwaka 2020 maradhi ya korona yalipozuia safari. Mwenye shamba na nyumba, wageni wasipokuja, bado ana muhogo wake na karafuu zake.

Wapo, hatimaye, watakaosema kwamba nyumba za vijijini hazina choo kinachofaa, maji wala umeme wa uhakika. Hilo ni kweli kwa nyumba nyingi. Lakini choo safi na maji safi ni haki ya mwenyeji kabla ya kuwa starehe ya mgeni, na kama ujio wa mgeni utaharakisha jambo hilo, basi msemo wa mgeni njoo, mwenyeji apone umetimia.

Kwa hivyo, tunayaweka mbele ya Serikali mapendekezo haya.

Kwanza, itungwe kanuni mahsusi ya nyumba za wageni mashambani, isichanganywe na kanuni za mahoteli. Mwenye kupewa leseni awe mkulima anayelima na anayeishi hapo au jirani na hapo, au ushirika wa wakulima. Idadi ya wageni iwe na kikomo, na kile cha kumi chatosha kuanzia. Shamba likiachwa kuwa pori, leseni ifutwe.

Pili, nyumba zitumiwe zilizopo. Idara inayohusika na mambo ya kale, pamoja na masheha, ifanye hesabu ya nyumba za mashamba Unguja na Pemba, ikiandika nyumba iko wapi, ni ya nani, ina hali gani, na wazee wanasimulia nini juu yake. Zile zilizo mikononi mwa Serikali zisiuzwe kwa mnada kwa mwenye fedha nyingi, bali wakodishwe kwanza wakulima wa shehia hiyo, kwa muda mrefu na kwa masharti ya kuzitengeneza.

Tatu, leseni iwe nafuu na ipatikane katika ofisi moja. Mkulima wa Wete au Mkoani asilazimishwe kupanda boti kwenda Unguja mara tatu kwa ajili ya mihuri. Tunajua, na wakubwa wanajua, kwamba jambo jema nchini mwetu aghalabu hufia njiani baina ya meza na meza.

Nne, mafundi wa chokaa waliofunzwa katika kazi za Mji Mkongwe watumwe mashambani kufundisha wengine. Nyumba ya mawe ikizibwa kwa saruji hushindwa kupumua, ikashika unyevu, ikaoza ndani kwa ndani. Ujuzi wa kuchoma chokaa na kukanda boriti ungali upo, lakini wenye nao wanazeeka.

Tano, jina litakalochaguliwa kwa nyumba hizi lilindwe na sheria. Pasiwe na mwenye hoteli ya ghorofa tatu atakayepanda mchaichai mlangoni kisha akajiita shamba.

Kwa wananchi wenzetu tuna neno fupi pia. Mwenye kuuza usiku mmoja wa kitanda chake, asubuhi nyumba ingali yake. Mwenye kuuza nyumba hupata fedha nyingi siku moja, kisha huwa mpita njia mbele ya mlango aliozaliwa nyuma yake. Mtu atakapokuja na mkoba kuuliza bei ya nyumba ya babu, aulizwe naye kama yuko tayari kulipa bei ya kulala. Na wale wenye magari na wenye kutembeza wageni, ambao ni ndugu zetu na tunajua wanatafuta riziki, wasilione jambo hili kuwa la kuwanyang'anya. Mgeni anayelala shambani lazima afikishwe huko, na lazima arudishwe.

Kule Pantelleria mtu alijenga ukuta mzima ili mlimau mmoja usiangushwe na upepo. Sisi hatuombwi kujenga ukuta kwa ajili ya mti. Mikarafuu tunayo, nyumba zingali zimesimama baadhi yake, wenyewe wangali hai, na wageni wako njiani. Kinachokosekana ni kanuni ya kurasa chache na nia ya kuitekeleza. Twaiomba Serikali iiandike kanuni hiyo kabla ya msimu mwingine wa masika, maana mvua haingojei vikao, na kila masika hupita na paa zake.